Kichujio cha mwani cha kujitengenezea: tathmini kwa wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika

Kwa tangi la lita 300 lenye Tropheus (samaki wala mwani wa ziwa hilo), hakuna kifaa cha kutengeneza kwa mikono kinachorudisha gharama yake vizuri kama kichujio cha mwani cha aina ya maporomoko. Nasema hivyo kwa masharti mawili. La kwanza, kipimwe kwa chakula kinachoingia tangini kila siku, si kwa lita za maji. La pili, mwenye tangi awe tayari kuvuna mwani kila wiki bila kuruka. Asiyeweza sharti la pili asijisumbue na la kwanza, kwa sababu kichujio kisichovunwa hurudisha majini uchafu uleule kilioutoa.

Kifaa chenyewe ni rahisi kueleza: wavu wa plastiki wenye mikwaruzo unaning'inia chini ya bomba lenye mpasuo, maji yanauteremkia pande zote mbili kama utando mwembamba, taa kali inaumulika kutoka karibu, na mwani unaota juu yake. Unapoukwangua na kuutoa, unatoa pamoja nao naitrojeni na fosforasi zilizotokana na chakula cha samaki. Hapo ndipo tofauti yake na vichujio vya sponji, kokoto au mipira ya plastiki ilipo. Bakteria wa vichujio hivyo hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na naitreti hubaki majini hadi uimwage kwa ndoo. Mwani hauigeuzi tu, unaihamisha nje ya tangi.

Kwa samaki wa Tanganyika kuna sababu ya ziada ambayo wafugaji wengi hawaipi uzito unaostahili. Maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9. Katika pH 7 na nyuzijoto 27, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika umbo lenye sumu. Katika pH 9, joto hilohilo, inafika karibu asilimia 40. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho kambale wa pH 7 hatakitambua kinaweza kuunguza matamvua ya Tropheus kwa saa chache. Mwani hupendelea kunyonya amonia kabla ya naitreti, kwa hiyo kichujio cha mwani kilichokomaa ni mkono wa pili wa bakteria. Vilevile bakteria wanapogeuza amonia hula ugumu wa kaboneti (KH) ambao ndio unaishikilia pH isiporomoke. Mwani unaponyonya naitreti hurudisha sehemu ya uwezo huo. Magadi ya kuokea unayoongeza kulinda KH yanapungua.

Wazo si geni. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian nchini Marekani ndiye aliyelijenga kisayansi kwa ajili ya matangi ya miamba ya matumbawe, na akapewa hataza mwaka 1982. Mtambo wake ulimwaga maji kwa mikupuo, ukifuata mawimbi ya ufukweni, na kwa hiyo ulikuwa na sehemu zinazotikisika. Maporomoko yameondoa sehemu hizo zote, ikabaki pampu na taa. Ndiyo maana leo fundi yeyote mwenye msumeno wa chuma na tupa anaweza kukitengeneza mchana mmoja.

Kukipima

Kosa linaloua miradi mingi huanzia hapa. Zamani kanuni ilikuwa inchi moja ya mraba ya wavu kwa kila galoni ya maji. Ukiifuata, tangi la lita 300 lenye samaki 6 litapata kichujio sawa na tangi la lita 300 lenye samaki 30, jambo lisilo na maana, kwa kuwa mwani unalishwa na chakula, haulishwi na maji. Kanuni iliyothibitika kwa matumizi ni hii: kwa kila gramu 2.8 za chakula kikavu kwa siku, sentimita 75 za mraba za wavu uliomulikwa pande zote mbili. Ukimulika upande mmoja tu, ongeza eneo mara mbili.

Pima chakula kwa mizani ndogo ya jikoni au ya sonara, usikadirie kwa vidole. Kundi la Tropheus wakubwa wapatao 20 likilishwa kwa kiasi hula kati ya gramu 5 na 6 kwa siku. Wavu wa upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 12 chini ya bomba una sentimita 180 za mraba, unabeba gramu 6.7. Huo ndio ukubwa ninaoutumia katika vipimo vyote vinavyofuata. Usijenge mkubwa zaidi ukidhani unajiongezea usalama: wavu mkubwa kwenye tangi lenye chakula kidogo huota utando wa njano usioshika, na sehemu kubwa yake hubaki tupu.

Upana wa wavu ndio unaoamua nguvu ya pampu. Kila sentimita ya upana inataka takriban lita 50 kwa saa, hivyo sentimita 15 zinataka lita 750 hadi 800. Ukiwa na pampu ndogo, fanya wavu mwembamba na mrefu. Eneo ni lilelile, maji yanayohitajika ni kidogo.

Wavu

Tafuta kanvasi ya plastiki, ile karatasi ngumu yenye matundu ya mraba inayotumika kutarizia kwa uzi wa sufu. Yenye matundu 7 kwa inchi ndiyo bora. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, na ikikosekana huagizwa mtandaoni kwa bei ndogo. Vibadala vinavyojaribiwa mara kwa mara ni vibaya: chandarua ni laini mno na hujikunja, wavu wa mbu wa dirishani una matundu madogo na nyuzi zilizo laini, wavu wa kuku umepakwa zinki ambayo ni sumu kwa samaki na konokono, na kipande cha aklirii hata kikipigwa msasa mwani wake hubanduka wote kwa mkupuo.

Kanvasi ikitoka dukani haifai bado. Lazima ichakazwe. Ilaze juu ya ubao, ishike kwa vibano, kisha uikwaruze kwa meno ya msumeno wa mbao kwa mizunguko, upande mmoja hadi mwingine, halafu uigeuze. Msasa hautoshi; unalainisha badala ya kuchakaza. Kipimo cha kujua imetosha ni kupitisha kitambaa cha pamba juu yake: kinase kila mahali. Kazi hii inachukua dakika 15 hadi 20 kwa kila upande, inachosha mkono, na ndiyo inayopunjwa kuliko zote. Wavu uliochakazwa nusunusu huota mwani haraka tu, lakini wiki ya pili mwani unateleza, unaziba njia ya maji kurudi, na mwenye kichujio anailaumu taa.

Ukate wavu ukiwa na sentimita 2 za ziada juu, za kuingia kwenye bomba, na sentimita 2 chini ili ncha yake izame ndani ya maji ya tangi la chini, yaani tangi la pili lililo chini ya lile la samaki, ambamo pampu hukaa. Ncha iliyozama huondoa mlio wa matone na kupunguza rasharasha.

Bomba na mpasuo

Bomba la PVC la robo tatu inchi linatosha. Chora mstari ulionyooka kwa kulaza bomba mezani pembeni ya rula ndefu, kisha piga mpasuo wa upana wa milimita 3 na urefu wa sentimita 16, yaani nusu sentimita zaidi ya wavu kila upande. Mwenye mashine ndogo ya kukatia ya mkononi atamaliza kwa dakika chache. Asiye nayo atoboe matundu mawili mwanzoni na mwishoni, apitishe blade ya msumeno wa chuma, akate polepole, kisha apanue kwa tupa bapa. Ondoa vinyuzi vyote vya plastiki vilivyobaki ndani. Kinyuzi kimoja hugawa utando wa maji na kuacha mstari mkavu kwenye wavu.

Ingiza wavu ndani ya mpasuo hadi uguse dari ya bomba, uufunge kwa kebo tai tatu zinazozunguka bomba na kupita kwenye matundu ya wavu. Kifuniko cha mwisho wa bomba usikigundishe. Kiache cha kubana kwa mkono, kwa sababu kila baada ya miezi michache utahitaji kupitisha brashi ndani. Upande wa kuingilia maji weka yunioni (kiungio kinachofunguliwa kwa mkono) na koki, ili bomba lote litoke bila kukata kitu. Viungio vingine vigundishwe kwa gundi ya PVC na kuachwa saa 24 kabla ya maji ya samaki kupita.

Jambo dogo ambalo linaokoa usumbufu mwingi: funika mpasuo kwa kipande cha bomba pana zaidi kilichopasuliwa katikati, au kwa plastiki nyeusi, pande zote mbili. Mwanga ukiufikia mpasuo, mwani utaota mle ndani na kuuziba. Kwenye matangi yenye konokono wadogo wa mchangani, weka pia sponji ya matundu makubwa kwenye mdomo wa pampu. Wakipenya hukaa ndani ya bomba na kuziba mpasuo vilevile.

Taa, hapa ndipo pa kutumia pesa

Kila kitu kingine kwenye kifaa hiki kinaweza kuwa cha bei ya chini. Taa isiwe. Mwani wa kijani hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu, na LED zenye mwekundu wa nanomita 660 ndizo zinazolipa umeme wake vizuri zaidi, zikichanganywa na chache za buluu ya nanomita 450 au hivi. LED nyeupe yenye joto la rangi la 3000 K nayo inafanya kazi, ila inahitaji wati zaidi kwa mavuno yaleyale. Epuka nyeupe ya baridi ya 6500 K kama ndiyo taa pekee.

Kiasi: wati 6 halisi za LED kwa kila sentimita 75 za mraba, zikigawanywa pande mbili. Wavu wetu wa sentimita 180 za mraba unataka wati 14 hivi, yaani 7 kila upande. Neno «halisi» nalisisitiza. Taa za kuoteshea mimea zinazouzwa mtandaoni huandikwa wati 300, hata 1000, ilhali zinavuta sehemu ndogo tu ya hapo. Nunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Ni kifaa cha bei ndogo na ndicho kinachokuonyesha ulichonunua.

LED zikae sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye wavu, na mwanga ufike kila pembe. Zikiwa karibu zaidi bila kioo cha kutawanya mwanga, utaona madoa meupe yasiyoota chochote, kila doa likiwa mkabala na LED moja: mwani hapo umeungua. Tenganisha taa na maji kwa kipande cha aklirii kinachopanguswa kila unapovuna, kwa sababu maji magumu ya Tanganyika huacha utando mweupe wa chokaa ambao hupunguza mwanga kidogokidogo bila wewe kujua. Siki nyeupe huuondoa. Usizifungie LED kwenye boksi lisilo na hewa. Joto ndilo linalozimaliza.

Kuhusu usalama siafiki njia ya mkato. Balbu za kawaida za volti 230 kwenye vishikizo vya wazi, sentimita chache kutoka kwenye maporomoko ya maji, hazifai hata kama zimefanya kazi mwaka mzima kwa jirani. Tumia LED za volti 12 au 24 zenye adapta iliyowekwa mbali na juu ya usawa wa maji. Waya zote zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Mzunguko wote uwe nyuma ya swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30.

Pampu na boksi

Takwimu ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye pampu ni ya kimo sifuri. Ikisukuma maji hadi nusu ya kimo chake cha juu kabisa, tarajia karibu nusu ya lita hizo. Kutoka tangi la chini hadi bomba la kichujio kwa kawaida ni kimo kifupi, nusu mita hivi, na pampu ya lita 1200 hadi 1500 inakufikisha kwenye 800 unazohitaji. Thibitisha kwa ndoo ya lita 10: ikijaa kwa sekunde 45, una lita 800 kwa saa. Kama pampu yako ya kurudishia maji ina nguvu ya ziada, weka tii (kiungio chenye umbo la T) na koki, uchepushe sehemu ya maji yake. Umeokoa pampu ya pili.

Gharama ya umeme ni rahisi kukokotoa. Taa za wati 14 kwa saa 18 ni wati-saa 252. Pampu ya wati 20 kwa saa 24 ni wati-saa 480. Jumla inakaribia uniti 0.73 kwa siku, sawa na uniti 22 kwa mwezi, na theluthi mbili ya hizo ni pampu. Ndiyo maana kuchepusha kutoka kwenye pampu iliyopo kuna maana.

Wenye tangi la chini hawahitaji boksi la maana. Wavu unaning'inia juu ya maji, na vioo viwili vya aklirii huzuia rasharasha. Wasio nalo watalazimika kuweka boksi la plastiki juu ya tangi, na hapo tahadhari ni moja kubwa: mwani ukibanduka utaenda kuziba tundu la kurudishia maji, boksi litafurika, na pampu italimwaga tangi sakafuni. Toboa matundu mawili ya inchi moja, moja likiwa sentimita 2 juu ya lingine, na pampu isikae chini kabisa ya tangi bali karibu na usawa wa juu, ili hata ikitokea mafuriko ivute sentimita chache tu za maji kabla ya kukosa cha kuvuta.

Wiki za mwanzo

Wavu mpya sugua kwa mwani uliokwanguliwa kwenye kioo cha tangi lako mwenyewe. Anza na saa 9 hadi 12 za mwanga kwa siku. Saa 18 kwenye wavu mtupu huunguza chipukizi. Wiki ya kwanza utaona utelezi wa kahawia, ambao ni diatomu, mwani mdogo mno wa kahawia. Uondoe kwa kidole taratibu bila kusugua hadi kwenye plastiki. Wiki ya pili au ya tatu kijani huanza kushika, na hapo panda hadi saa 14, kisha 18. Acha saa 6 za giza, na ni vyema giza la kichujio lianguke mchana wakati taa za tangi zinawaka, ili pH isitofautiane sana kati ya usiku na mchana.

Hadi wiki ya 6 au ya 8 endelea kubadilisha maji kama zamani. Wengi huacha mapema kwa sababu wavu umeshapendeza machoni. Fuata kipimo cha naitreti cha matone: ikikaa chini ya miligramu 20 kwa lita kwa wiki tatu mfululizo, punguza ubadilishaji kidogokidogo, na upime tena. Usiuondoe kabisa. Kichujio hakirekebishi uwiano wa madini, na maji yanayovukizwa na maporomoko huacha chumvi zote nyuma. Fidia mvuke kwa maji ya mvua au yaliyochujwa madini. Ukifidia kwa maji ya kisima cha pwani, ugumu utapanda mwezi hadi mwezi.

Uvunaji, na kusoma rangi

Kila siku 7, hata 10 wavu ukiwa mchanga. Zima pampu na taa, toa wavu, upeleke kwenye sinki, ukwangue kwa ukingo wa rula ya plastiki au kadi ngumu. Suuza kwa maji ya bomba. Hayo yatasuuza baadhi ya vijidudu vinavyotafuna mwani kuanzia kwenye mizizi. Acha utando mwembamba wa kijani uliong'ang'ania kwenye mikwaruzo. Huo ndio mbegu ya wiki ijayo. Brashi ya waya au sabuni zikiugusa wavu, unaanza upya.

Mwani ukipita unene wa sentimita 2 hivi, tabaka la chini halipati mwanga wala maji, linakufa likiwa bado limefunikwa na kijani kizuri, na virutubisho vinarudi tangini. Mtu anatazama wavu uliojaa anafurahi, kumbe naitreti inapanda. Unene huohuo pia husukuma maji yaruke pembeni, nje ya kichujio.

Rangi zinaeleza mengi. Kijani kibichi chenye nyuzi kama nywele ndicho unachotaka. Kahawia iliyokolea au nyeusi, laini kama lami, inasema virutubisho ni vingi kuliko mwanga: ongeza saa au wati, vuna mara mbili kwa wiki, na utazame upya gramu za chakula. Njano inayovutika kama mpira inasema kinyume, mwanga umezidi, hivyo punguza saa hadi 12. Njano iliyopauka kwenye tangi lenye naitreti nyingi mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. Matone machache ya mbolea ya chuma ya mimea ya majini kila wiki huirekebisha. Utando wa kijani-buluu wenye harufu ya udongo uliooza ni sayanobakteria, na chanzo chake karibu kila mara ni maji machache kwenye sehemu hiyo ya wavu. Mstari mweupe wa wima ni mpasuo ulioziba juu yake: pitisha kadi nyembamba ndani ya mpasuo, upande hadi upande. Na ukiona naitreti imefika sifuri huku fosfeti ikibaki juu, mwani umekosa naitrojeni ya kukulia. Hautaishusha fosfeti hadi uongeze chakula au uiondoe kwa njia nyingine.

Dawa zenye shaba na dawa za kuua mwani hazipatani na kifaa hiki. Kabla ya matibabu toa wavu, uweke kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye mwanga na pampu ya hewa, na usiurudishe hadi dawa itoke.

Umeme unapokatika

Hili ndilo udhaifu mkubwa wa kichujio cha maporomoko, na kwa wakazi wa miji yetu ndilo jambo la kufikiria kabla ya kukata bomba. Pampu ikisimama, wavu unabaki hewani. Ndani ya chumba chenye nyuzijoto 30 mwani wa juu unaanza kukauka kwa saa mbili au tatu. Umeme ukirudi, pampu inasuuza mwani uliokufa moja kwa moja tangini, unaoza, na katika pH 9 amonia yake ni ile ile ya asilimia 40 yenye sumu. Samaki waliovumilia saa nyingi bila hewa wanakufa kesho yake.

Kinga zake zinafahamika. Ukiwa nyumbani, ushushe wavu ndani ya maji ya tangi la chini mara umeme unapokatika. Mwani ukiwa majini unavumilia giza la siku nzima bila shida. Ukirudi na kuukuta umepauka na kukauka, usiwashe pampu: kwangua, suuza bombani, kisha washa. Asiye nyumbani mchana kutwa aweke pampu hiyo kwenye betri na inveta, wati 20 hazidai betri kubwa. Taa na pampu zichomekwe kwenye chanzo kimoja, kwa sababu taa inayowaka kwa inveta wakati pampu imezima huukausha wavu kwa kasi maradufu. Taima za kuzungusha kwa mkono huchelewa kwa muda uleule umeme uliokatika, na baada ya wiki mbili taa zako zinawaka saa usizozijua. Nunua ya kidijitali yenye betri yake ndani. Na hakikisha tangi la chini lina nafasi ya kupokea maji yote yatakayoshuka kutoka kwenye mabomba pampu inaposimama.

Mavuno kama chakula

Hapa mfugaji wa Tropheus ana faida ambayo mfugaji wa samaki wala nyama hana. Porini, kwenye miamba ya ufukwe wa Kigoma na kwingineko ziwani, samaki hawa hushinda wakikwangua mwani mawe. Utumbo wao ni mrefu, na chakula chenye protini nyingi ya wanyama huwavimbisha tumbo na kuwaua. Mwani wa kwenye wavu, ukisuuzwa na kubandikwa kwenye jiwe bapa kwa mpira mwembamba wa kufungia (raba bendi), wataumaliza haraka. Je, si kurudisha uchafu tangini? Ni kweli, virutubisho hivyo vinarudi. Lakini kila konzi ya mwani inayochukua nafasi ya chakula cha kopo inazuia virutubisho vipya kuingia. Lisha sehemu, tupa sehemu, na siku ya kulisha mwani punguza chakula cha kawaida. Mavuno yanayobaki ni mbolea nzuri ya mchicha. Usiwape mwani uliovunwa wakati wa matibabu, wala ule wa kijani-buluu.

Kulinganisha na aina nyingine

Aina ya viputo, ambayo wavu wake umezama ndani ya boksi na hewa inapanda kuupitia, ni tulivu na haiogopi sana umeme kukatika kwa kuwa mwani hautoki majini. Kwa mwenye chumba kidogo au mtu asiye na tangi la chini, ningeichagua hiyo. Kasoro zake: tundu za hewa huziba kwa chokaa katika maji magumu, wavu hauonekani bila kufungua, na usipovuna kwa wakati bonge zima la mwani hung'oka kwa mkupuo. Kwa mavuno kwa kila wati, na kwa wepesi wa kuona tatizo kabla halijakua, maporomoko yako mbele.

Vichujio vya mwani vilivyo tayari vinavyoagizwa nje vina taa nzuri na umaliziaji safi, lakini ukiviangalia kwa makini unalipia aklirii iliyoinamishwa na usafirishaji. Wavu wao ni uleule. Ningenunua taa pekee, mengine nikayakata mwenyewe.

Na kuna matangi yasiyohitaji kifaa hiki. Tangi la lita 60 lenye kundi dogo la samaki wadogo wa Neolamprologus multifasciatus kwenye makombe ya konokono hula chini ya gramu moja kwa siku. Lita 15 za maji mapya kila wiki zinalitosha. Tangi lenye mimea mingi nalo, mimea itagombania naitreti na mwani, na chuma kitaisha kwanza kwenye majani machanga. Lakini mwenye Tropheus au Petrochromis (wala mwani wenzao) waliojazana, anayebeba ndoo sita kila Jumamosi na bado anaona naitreti 40, aanze kwa kuchakaza wavu.